Uzi: 'Unbend' kwa Kiswahili ni kunyoosha, kulegeza au kukunjua?

Mwalimu_Shangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni na poleni na majukumu. Mimi nafundisha Kiingereza sekondari hapa Mtwara mjini. Uzi huu ni mrefu na unahusu kitenzi kimoja tu, naomba mnivumilie, kwa sababu kitenzi chenyewe kimenikaa rohoni tangu Jumanne.

Nilikuwa na Kidato cha Tatu. Nikaandika ubaoni sentensi niliyoitunga mwenyewe: "The old chief unbent and told the children a story." Nikamwinua binti mmoja, msomaji mzuri, akasema: "Chifu mzee alinyooka, akawasimulia watoto hadithi." Darasa likaangua kicheko. Kijana mmoja akadakia, "Kwani alichapwa?" Binti akakaa, akainamisha kichwa, na mkono wake sikuuona tena hadi kengele ikalia.

Kosa si lake, na hilo ndilo linaloniuma. Alifungua kamusi, akakuta 'unbend' ni kunyoosha, akaitumia. Lakini kwa Kiswahili tunachozungumza leo, mtu akinyooka maana yake amebanwa mpaka akashika adabu. "Mwache, atanyooka tu." Au tunamsifu: mtu mnyoofu, hana kona kona. Chifu wangu hakubanwa na mtu wala sikuwa nausifu uaminifu wake. Alikuwa ameketi na heshima zake, uso umekazwa, kisha akaushusha ukubwa wake kidogo akawa karibu na wale watoto.

Kitenzi hiki kina kazi nne ninazozijua. Ya kwanza ni kukirudisha kitu kilichopindwa kiwe kimenyooka: waya, msumari, goti, mgongo. Ya pili ni hiyo ya chifu, mtu mkavu au mwenye cheo kuacha urasmi. Ya tatu ni kupumzisha akili, ambayo siku hizi inasomeka zaidi katika vitabu vya zamani. Ya nne ni ya baharini, kukunjua tanga. Wakati uliopita ni 'unbent', hakuna kuongeza '-ed'.

Swali langu: kwa nini Mwingereza atumie neno moja kwa kunyoosha na kwa kulegea? Kwetu hayo ni mambo mawili yanayopingana. Aliyenyooka amekazwa, aliyelegea amelegea. Nimeuliza ofisini, wenzangu wakaniambia ndivyo Kiingereza kilivyo, zoea. Sitaki kuzoea. Mwanafunzi wangu amechekwa kwa sababu sikuwa na jibu.

Fundi_Nondo

Mwalimu, umefika kwangu. Najenga hapa hapa mjini. Nondo zetu zinakuja zimekunjwa katikati ili zienee kwenye lori. Kazi ya kwanza asubuhi ni kuzifungua. Sisi hatusemi neno moja pale. Kwanza unaikunjua nondo, yaani unaifungua ule mkunjo mpaka ilale. Halafu ndiyo unainyoosha, unatoa mawimbi yaliyobaki. Kazi mbili, na kibarua anayejua ya kwanza bila ya pili anakuharibia nguzo.

Kwa hiyo hiyo 'unbend' kwa chuma mimi ningesema ni kukunjua. Kunyoosha naweza kunyoosha hata kitu ambacho hakikuwahi kukunjwa, kama kamba niliyotandaza msingini ikaenda upande.

Ila kupumzika sikuoni hapo. Chuma kikikunjwa kikakunjuliwa hakijapumzika, kimechoka. Pale penye mkunjo pakishapigwa mara mbili tatu panakakamaa, na siku ya kukatika panakatika hapo hapo.

Mwalimu_Shangani

Fundi, asante sana. Hiyo tofauti ya kukunjua na kunyoosha hata kwa Kiingereza ipo. 'Straighten' haiulizi kitu kilikuwaje jana. 'Unbend' inadai kwanza kiwe kilipindwa. Nimeiandika kwenye daftari.

Na umenipa ufunguo mwingine bila kujua. Kukunja, kukunjua. Kiambishi chetu hicho cha kutendua ndicho 'un-' ya Waingereza ilipokaa kwenye kitenzi: funga fungua, ziba zibua, tega tegua, fuma fumua, kunja kunjua. Wanafunzi wakishaliona hili hawahitaji kukariri. Lakini nitoe tahadhari, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kujikwaa hapa: pinda haiendi hivyo. Ukisema "pindua waya" hujaunyoosha, umeugeuza juu chini. Kupindua ni kupindua chombo, kupindua serikali. Kiambishi ni kile kile, sauti ni ile ile, maana imekwenda njia nyingine kabisa.

Msomaji_Lindi

Mwalimu, swali lako la kwa nini lina jibu, na jibu ni silaha ya wawindaji.

Katika Kiingereza cha kale 'bendan' ilikuwa ni kuutia upinde kamba, kuufunga. Ndiyo maana ni ndugu wa 'bind' na 'band', ambayo yote ni maneno ya kufunga. Fito ikishafungwa kamba ncha kwa ncha inajipinda, na taratibu neno likaacha kamba likaushika mpindo. Leo Mwingereza anasema 'bend' hata kwa kona ya barabara isiyo na kamba yoyote.

Sasa fanya kinyume, na kumbuka 'unbend' ya Enzi za Kati ilianzia hapo. Ivue kamba kwenye upinde. Fito inafanya nini? Inanyooka. Na wakati huo huo inafanya nini tena? Inapumzika. Ni tendo moja, mwalimu. Mkono mmoja umevua kamba, fito imenyooka na imelegea kwa pamoja. Upinde uliopinda ndio ulio kazini, ulionyooka ndio uliolala. Ndipo wakaichukua picha hiyo wakamvika mtu: akili iliyokazwa siku nzima, uso uliokazwa mbele ya watu, ukivuliwa kamba unapumzika.

Na picha yenyewe ni kongwe kuliko Kiingereza. Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, anamsimulia Amasis, mfalme wa Misri. Huyu alikuwa akifanya kazi kwa bidii tangu alfajiri hadi saa za soko kujaa, halafu siku iliyobaki anakunywa na kutaniana na wenzake. Rafiki zake wakamwambia hiyo si tabia ya mfalme. Akawajibu kwamba wenye pinde huzitia kamba wanapozihitaji na kuzivua wakishamaliza, maana upinde ukibaki umevutwa siku zote utavunjika, na siku ya haja hautakuwepo. Akasema na mtu ni vivyo hivyo.

Sisi nasi tuna upinde ndani ya neno pinda, tazama lilivyo: pinda, upinde. Ila hatukuutumia kumweleza mtu aliyeacha urasmi. Sisi tulikwenda kwenye nguo na mkeka. Uso unakunjwa kama nguo na unakunjuliwa kama mkeka.

Mwalimu_Shangani

Nimesoma hii mara tatu nikiwa nimesimama. Msomaji, Mungu akuzidishie. Miaka yote nafundisha 'bend' sikujua kwamba ndani yake kuna kamba.

Baharia_Mstaafu

Salaam. Mimi ni mtu mzima, niko Kilwa Kivinje, naandika polepole. Mwalimu, kwenye tanga umekosea, na kosa hilo linaweza kumtia mtu majini.

Kukunjua tanga ni kulifungua lishike upepo. Hiyo 'unbend' ya tanga ni kinyume chake.

Nitakueleza nilivyojifunza. Miaka hiyo nilikuwa kijana, alikuja mgeni na boti yake ya matanga, akatia nanga ghuba ya Mikindani. Akanichukua nimsaidie kazi za siku mbili. Upepo wa kusi ulikuwa umeanza kuchangamka. Akaniambia, "Unbend the sail." Nami Kiingereza changu kilikuwa cha darasani kama cha wanafunzi wako. 'Bend' kukunja, 'unbend' kukunjua. Nikalikunjua lote. Likashika upepo, boti ikaruka kwenye nanga kama mbuzi aliyefungwa, na foromali yake, ule mti unaobeba tanga, ikampita huyo mzee karibu na sikio. Hakunipiga. Alikaa chini akashika kichwa, kisha akanionyesha kwa mikono alichotaka.

Alichotaka ni hiki. Kwa mabaharia wa Kiingereza, 'bend' ni kufunga. Tanga linafungwa kwenye foromali, hiyo ni 'bend'. Kamba inafungwa kwenye nanga, ni 'bend'. Kamba mbili zinaungwa kwa fundo, na fundo lenyewe wanaliita 'bend'. Basi 'unbend the sail' ni kulivua tanga. Kwenye mashua zetu ungefanya hivi: unatua foromali mpaka chini, unafungua vile vikamba kimoja kimoja, tanga linatoka, unalikunja, unalipeleka likahifadhiwe. Umeona? Ku-'unbend' tanga kunaishia kwenye kulikunja.

Nimesoma hayo ya upinde na kamba aliyoyaleta bwana wa Lindi, nikakaa kimya kidogo. Kumbe yule mgeni alikuwa na lile neno la kale lenyewe. Nchi kavu wamelisahau, bahari haikusahau.

Mwalimu_Shangani

Mzee wangu, shikamoo. Nimekubali kosa, na naliacha pale juu kama lilivyo ili wanaosoma waone nilipoteleza na nani alinishika mkono. Kesho kutwa nalifundisha hivyo hivyo: tanga, ni kuvua. Kukunjua ni hatari.

Mama_Tandahimba

Jamani, mimi si msomi wa lugha, nina mikorosho. Ila mwalimu umesema kwetu kunyooka na kupumzika ni vitu vinavyopingana. Hapana, mwanangu.

Njoo msimu wa kuokota. Unainama tangu jua halijachomoza, unaokota, unanyonyoa korosho kwenye bibo, unainama tena. Saa sita mama anakwambia, "Ngoja ninyooshe mgongo." Unafikiri anakwenda kusimama wima? Anakwenda kulala mkekani chini ya mti. Na mgeni akifika toka Newala kwa miguu tunamwambia, "Karibu, nyoosha miguu." Hatumkazi, tunampumzisha. Hata mtu akisema "najinyoosha kidogo" unajua usimwite kwa nusu saa.

Kwa hiyo chifu wako angenyoosha miguu ningemwelewa bila kucheka.

Mwalimu_Shangani

Mama, hapa umenivunjia nusu ya uzi, na nimefurahi. Hayo ninayasema mwenyewe kila siku nikitoka shule na sikuyaona.

Basi niliweke upya. Kwa mwili tuko pamoja na Waingereza: mgongo na miguu ikinyooka, imepumzika. Tunaachana nao tunapofika kwenye tabia. Kwao mtu mzima akinyooka amelegeza urasmi. Kwetu akinyooka ameshika adabu. Binti wangu aliliona la mwili, wenzake wakalisikia la adabu, wakacheka. Wote walikuwa na Kiswahili sahihi.

Kijana_wa_Chuno

Mwl, si useme tu "chifu alilegea"? Fupi na watu wanaelewa.

Mwalimu_Shangani

Kijana, nililifikiria. Jaribu kumwambia baba mkwe wako mtarajiwa, "Mzee jana ulilegea," uone kama posa itapokewa. Kulegea kwa mtu kuna udhaifu ndani yake, au kuna macho ya mapenzi. Kulegeza ni sawa kwa kamba, masharti, msimamo. "Kujiachia" nako kunapita kiasi, mtu aliyejiachia kesho yake anaona aibu. Chifu hakupoteza kitu. Anayefanya hivi kwa Kiingereza anabaki mkubwa yule yule, ila amefungua mlango.

Na ndiyo maana 'unbend' si sawa na 'relax' wala 'unwind', ingawa kamusi huziweka pamoja. Kibarua akirudi kazini akakaa barazani na kahawa, huyo anapumzika, 'unwind'. Huwezi kumwambia 'unbend', kwa sababu hakuwa na urasmi wa kuvua. Mpe hakimu, mpe mkuu wa shule siku ya mahafali, mpe mkwe. Nilikwenda kupeleka posa ya mdogo wangu Masasi. Mzee wa nyumba alitupokea na uso kama mlango uliofungwa, maswali mafupi, chai haikuguswa. Mjomba wetu akataja jina la kijiji fulani, ikawa bibi yake na bibi wa mwenyeji walitoka huko huko. Mzee akakunjua uso. Hakucheka sana, hakuimba. Alisema tu, "Mbona hamli?" Hiyo ndiyo 'he unbent', na sijapata mfano bora kuliko huo tangu nianze kufundisha.

Kwenye uso hata Waingereza wanakutana nasi. Wana usemi wa ku-'unbend' paji la uso, yaani kukunjua ndita.

Dada_wa_Mikindani

Mwalimu naomba msaada, mimi niko chuo na neno 'unbending' linanichanganya. Nimesoma makala ikamwita kiongozi mmoja 'unbending', nikaandika kwamba ni mtu mkunjufu kwa kuwa natoka kwenye 'unbend'. Nikawekewa kosa kubwa jekundu. Sasa nikisoma uzi huu bado naona nilikuwa sahihi!

Mwalimu_Shangani

Dada, pole, na una haki ya kuchanganyikiwa, maana hapa Kiingereza chenyewe kimefunga fundo. Kuna 'un-' mbili. Zinaandikwa sawa na kusikika sawa, lakini asili zake ni tofauti. Moja inakaa kwenye kitenzi na kutendua, hiyo ni ile '-ua' yetu. Nyingine inakaa kwenye kivumishi na kukana tu, hiyo ni kama "-sio" yetu.

'Unbend' imetumia ya kutendua. 'Unbending' unayoikuta kama sifa ya mtu imetumia ya kukana: wamechukua 'bending', apindaye, wakasema asiyepinda. Basi mtu akisifiwa au kulaumiwa kwamba ni 'unbending', ni mgumu, hapindiki, ni mpingo. Kinyume kabisa na mkunjufu.

Kama ni sifa au lawama inategemea anayesema. Anayempenda kiongozi huyo tafsiri "asiyeyumba". Anayemchoka tafsiri "mkaidi". Soma sentensi ya kabla na ya baada ndipo uamue. Nayo 'unbent' ina nyuso mbili hivyo hivyo: inaweza kuwa kilichokunjuliwa, inaweza kuwa ambacho hakikuwahi kupinda.

Kiswahili hakituachii mtego huu. Anayekunjuka na asiyepinda hawawezi kufanana hata ukiwa umelala nusu.

Dada_wa_Mikindani

Aisee! Nimeelewa. Asante mwalimu, Mungu akubariki. Na aliyenisahihisha hakunieleza hata nusu ya haya, aliandika "si sahihi" basi.

Fundi_Nondo

Mwalimu huyo binti vipi? Usije ukatuachia hewani.

Mwalimu_Shangani

Wakuu, mrejesho. Leo nilirudi Kidato cha Tatu na fito ya mwanzi na kamba ya katani. Nikaitia kamba mbele yao. Nikauliza upinde uko kazini au umelala? Kazini. Nikaivua kamba. Nikauliza fito imefanya nini? Nusu ya darasa ikasema imenyooka, nusu ikasema imelegea. Nikakaa kimya nikawaacha wabishane mpaka wakaona wenyewe kwamba wanasema kitu kimoja.

Kisha nikawaambia mbele ya wote kwamba jibu la Jumanne lilikuwa nusu ya kweli, na nusu iliyobaki nilikuwa siijui mimi mwalimu. Yule kijana wa "kwani alichapwa" akamgeukia mwenzake akamwomba radhi. Sikumwambia afanye hivyo.

Nikaandika sentensi ile ile ubaoni. Wengi walileta "akakunjua uso", nami ndiyo niliyokuwa nimeiandaa kuwa jibu. Binti akanyanyua mkono. Akasema: "Chifu mzee akajikunjua, akawasimulia watoto hadithi."

Nikamuuliza kwa nini 'akajikunjua'. Akasema chatu akiwa amejiviringisha halafu akajifungua, bibi yake husema amejikunjua. Mwili unanyooka, na uso wa mtu nao hukunjuliwa, kwa hiyo neno linashika vyote viwili. Najua wapo watakaosema ni neno la mwili zaidi na chifu hakuwa chatu. Nimelipima njia nzima kutoka shule hadi nyumbani. Mimi nimempa alama zote.

Baharia, shikamoo tena mzee wangu. Vile vikamba vya kufungia tanga kwenye foromali, huko Kivinje mnaviitaje? Wameniuliza, nikawaambia nitakuuliza.